Yowe Lisilo na Upande

 

Desemba 2025, siku chache kabla ya tarehe 9, nilikuwa Mwigobero, hapa Musoma. Mama mmoja muuza dagaa alinipa kitochi chake nimsomee meseji, maana macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Meseji ilisema siku ya Uhuru watu watoke. Ilitaja saa, haikutaja mahali, ikamalizia kwa kusema: mtumie na mwenzako. Nikamsomea mara mbili. Akaniuliza, "Nani kasema, mwanangu?" Nikamsomea namba, akaitambua kuwa ni ya mpwa wake wa Bunda. Tukampigia. Mpwa akasema ameitoa kwenye kundi la bodaboda wa kijiweni kwake, na pale iliwekwa na mtu aliyeipata kwenye kundi jingine. Hapo tukakwama. Mama akachukua simu yake, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Basi hii haijasemwa na mtu," akasema.

Nimekuwa nikilitafuna neno hilo tangu siku ile.

Sisi wa mkoa huu wa Mara tunalijua yowe. Ng'ombe wakiswagwa usiku, yowe linaanzia mji mmoja, jirani analipokea, wa ng'ambo ya mto naye analipokea, mpaka kijiji cha tatu kimeamka na silaha mkononi. Hiyo ndiyo meseji ya kundi waliyokuwa nayo wazee wetu, na ilikwenda kasi. Ila yowe lina upande. Unatoka nje, unatega sikio, unajua linatokea kwa nani, unakimbilia huko. Ukifika unamkuta mwenye yowe, na swali la kwanza analoulizwa ni moja: umeona nini? Aliyepiga yowe la uongo anajulikana kwa jina na kwa ukoo, na wazee wanamtoza faini. Kwa sababu hiyo watu hawakupiga yowe ovyo, na lilipopigwa hakuna aliyebaki kitandani akijiuliza kama ni kweli.

Leo nataka tuseme juu ya meseji za makundi zinazoita watu kwenye maandamano. Nianze kwa kuweka msimamo wangu wazi, msije mkadhani nazunguka. Kukusanyika kwa amani ni haki. Katiba yetu, ibara ya 20, inasema hivyo, na ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Kijana anayemwandikia mwenzake "njoo tuandamane kudai maji" hajatenda kosa. Nasimama naye. Ninachouliza ni kile alichouliza yule mama.

Wapo wanaodhani jambo hili lilianza na WhatsApp. Januari 2001 wananchi wa Ufilipino waliitana kwa meseji za kawaida, wakajaa kwenye barabara ya EDSA mjini Manila, na Rais Joseph Estrada akaondoka madarakani. Mwaka 2004 huko Marekani, mwanafunzi wa MIT aitwaye Tad Hirsch na wenzake walitengeneza programu ya TXTMob. Mtu alituma meseji moja, ikawafikia wote waliojiunga. Waandamanaji waliitumia Boston na New York, kwenye mikutano mikuu ya vyama viwili vikubwa, kuambiana polisi wako wapi na njia ipi imefungwa. Miaka minne baadaye, 2008, mawakili wa jiji la New York walimtaka Hirsch kisheria akabidhi meseji zile na rekodi za waliozituma. Vijana wangu, nalisema hili kwa sababu wengi mnaamini kwamba ukishafuta, kumefutika.

Lakini mfano unaotugusa hauko Manila. Sirari si mbali. Wajaluo na Wakurya wa mkoa huu wana ndugu ng'ambo ya mpaka, na kidonda cha Migori kinauma mpaka Tarime. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, simu za Wakenya zilijaa meseji za kutaja makabila: fulani wanakuja usiku, msilale, watumieni watu wenu. Hazikuwa na jina. Zilikuja kwa sauti ya jirani mwema anayekuonya, ndiyo maana zilipenya. Hakuna meseji mbaya kuliko inayokuja kwa sura ya onyo. Haikuambii ukaue, inakuambia wanakuja kukuua wewe, halafu inakuacha ukamilishe mwenyewe. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia zile.

Serikali ya Kenya ilifikiria kuzima meseji nchi nzima. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom wakati huo, akashauri vingine: kampuni iwatumie mamilioni ya wateja wake meseji za kuhimiza amani. Ikawa hivyo, mawasiliano yakabaki. Na Januari ileile ya 2008 Wakenya wachache, Ory Okolloh akiwa mmoja wao, wakaanzisha Ushahidi. Mtu aliandika alichokiona, taarifa ikatafutiwa uthibitisho na kuwekwa kwenye ramani kila mtu aione. Simu ni ileile, na vidole ni vilevile. Ila sasa alikuwapo mtu wa kuuliza swali la wazee wetu: umeona nini, wapi, saa ngapi?

Sasa tazameni serikali za ukanda wetu zilivyojibu. Uganda, kuelekea uchaguzi wa Februari 2011, kampuni za simu ziliagizwa kuzuia meseji zenye maneno kadhaa, yakiwemo Misri na Mubarak, kwa hofu ya yaliyokuwa yakitokea Cairo. Kongo, baada ya uchaguzi wa Novemba 2011, serikali ilizima meseji nchi nzima kwa wiki zaidi ya tatu. Nani aliumia kwanza? Viziwi. Mtu asiyesikia hana namna ya kupiga simu. Meseji ndiyo mdomo wake na ndiyo sikio lake, na walilalamika wakati ule kwamba wamekatwa na dunia. Kila nikisikia mtu anasema "zima tu mtandao, watatulia," nawakumbuka viziwi wa Kongo.

Msumbiji nayo, jirani yetu wa kusini. Septemba 1, 2010 watu wa Maputo walitoka barabarani kwa meseji zilizokuwa zikizunguka bila jina la chama wala la kiongozi. Mkate ulikuwa umepanda bei, na umeme na maji vilevile. Watu zaidi ya kumi walikufa. Serikali ilirudisha bei ya mkate, lakini pia ilizima meseji kwa siku kadhaa, na kabla mwezi haujaisha ikaamuru kila laini isajiliwe.

Kusajili laini! Hapa kwetu tulianza 2009, na sheria ya mawasiliano ya 2010 ikakaza. Kuanzia Mei 2019 tukapanga foleni upya, safari hii kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, siku ya mwisho ikasogezwa mpaka Januari 20, 2020. Mnakumbuka foleni za NIDA, wazee wameketi juani, vidole vyao vya jembe vimesagika mpaka mashine haivisomi.

Tulichopata baada ya foleni zile ni hiki. Leo serikali ikitaka kujua laini iliyotuma meseji ni ya nani, inaweza. Yule mama wa Mwigobero hawezi. Mwenye yowe anajulikana kwa askari, hajulikani kwa jirani. Tumegeuza mambo juu chini: anayepaswa kulikimbilia yowe ndiye asiyejua linatoka wapi, na anayelijua ana pingu mkononi. Mwungwana, kwa kuogopa, anakaa kimya. Mzushi haogopi, maana hajaandika kitu, yeye anasambaza tu cha mwingine, na akiulizwa anasema, "Nami nilitumiwa."

Kuna jambo jingine lililotufikisha hapa, na haki inataka lisemwe. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio likadumu mpaka Januari 3, 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa. Miaka sita na ushei. Mkutano wa hadhara una jukwaa, na juu ya jukwaa kuna mtu. Unamwona anavyokunja uso, unamsikia akijikwaa, unaweza kumzomea. Ukifunga uwanja, watu hawaachi kuzungumza siasa. Wanazungumzia mfukoni, gizani, na wasiowaona. Kijana wa Bunda aliyekuwa na miaka 14 zuio lilipoanza, lilipoisha alikuwa mtu mzima mwenye kura, na shule yake yote ya siasa aliipata kwenye kioo cha simu.

Pamoja na zuio, mwaka uleule wa 2016 kulitokea jambo ambalo nadhani hatukulipa uzito wake. Chadema ilitangaza Ukuta, Umoja wa Kupambana na Udikteta Tanzania, ikapanga maandamano nchi nzima Septemba 1. Polisi wakaonya, joto likapanda. Viongozi wa dini wakaomba, na Agosti 31, siku moja kabla, Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho, akasimama mbele ya waandishi akatangaza kuahirisha. Wapo waliomlaumu, na wapo waliomshukuru. Mimi naona hivi: wito uliweza kurudishwa kwa sababu ulikuwa na mwenyewe. Palikuwa na mtu wa kuendewa, wa kuombwa, wa kubishana naye usiku kucha. Meseji isiyo na mwenyewe haina wa kuombwa. Ikishatoka, hata aliyeianzisha hawezi kuifuata.

Na si kila mwenyewe anafaa. Aprili 26, 2018, siku ya Muungano, mwanaharakati wa mitandaoni Mange Kimambi aliita maandamano akiwa Marekani. Jina lilikuwapo, picha ilikuwapo, wafuasi walikuwapo kwa malaki. Barabara zilikuwa kimya, ukiacha wachache waliojaribu. Mpiga yowe alikuwa ng'ambo ya bahari, na atakayepigwa rungu ni aliye hapa. Watu wetu walilipima hilo, wakakaa nyumbani. Sioni kosa lao.

Kenya ya Juni 2024 inanipa shida zaidi, na nitawaambia kwa nini. Vijana wale waliukataa Muswada wa Fedha bila kiongozi, kwa makusudi. Walisema kiongozi hununuliwa. Waliusoma muswada, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakasambaza namba za wabunge na kuwajaza meseji simuni. Walichangishana fedha za matibabu ya majeruhi. Juni 26 Rais William Ruto akasema hatausaini. Nani atasema hawakufanya kitu? Nawaheshimu sana. Lakini Juni 25, Bunge lilipovamiwa na risasi zikaanza kulia, hakukuwa na sauti hata moja yenye uwezo wa kusema "rudini" ikasikika. Watu makumi walikufa katika wiki zile. Waliowapiga risasi wana dhambi yao, wala siwapunguzii. Nasema tu kwamba kukosa kiongozi kuliwakinga na rushwa, hakukuwakinga na risasi.

Nije kwetu sasa, na nitasema polepole.

Oktoba 29, 2025 kila mmoja wetu anajua alikuwa wapi. Siku ile ya uchaguzi intaneti ilizimwa, ikarudi Novemba 3. Watu walikufa katika ghasia za siku zile. Idadi inabishaniwa, na Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Wapo waliofiwa wanaonisikiliza wakati huu. Poleni, ndugu zangu. Nyumba yenye msiba haiulizwi ni ya chama gani.

Ninachotaka kusema juu ya siku zile tano ni hiki: kuzima mtandao hakukuzima habari, kulizima majibu. Uvumi haukuhitaji bando. Ulipita kwa mdomo, kutoka mtaa hadi mtaa, na kila ulipopita uliongezewa mguu. Aliyetaka kusema "mimi niko hapo, si kweli," hakuwa na njia ya kuonyesha. Aliyekuwa na mtoto Dar es Salaam alikaa na hofu yake. Halafu mtandao uliporudi, simu zetu zikapokea meseji ya Jeshi la Polisi ikituonya tusisambaze picha na video za kuleta taharuki au kudhalilisha utu wa mtu, kwamba ni kosa la jinai. Hiyo nayo ilikuwa meseji ya kundi, ya kundi kubwa kuliko yote niliyowahi kuwamo. Ilikuwa na jina la mtumaji, hilo naliheshimu. Lakini haikuwa na namna ya kujibiwa. Mama anayemtafuta mwanawe angemjibu nani?

Kisha ikaja Desemba 9. Wito ulizunguka kwa wiki kadhaa. Polisi wakatangaza kuwa maandamano hayo ni haramu, kwa kuwa hakuna aliyewasilisha taarifa kwa mujibu wa sheria. Sherehe za Uhuru zikafutwa, Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba akawaomba wananchi wabaki majumbani, na mji ukawa kama wenye tanga. Sheria ya Jeshi la Polisi inamtaka anayeitisha maandamano atoe taarifa kwa maandishi si chini ya saa 48 kabla, aseme mahali, saa na kusudi. Ni kweli, hakuna aliyeandika. Nami nauliza, kwa heshima yote: nani angeandika? Mtu angepeleka barua yenye jina lake, namba yake na mtaa wake kituoni, Desemba ile, akarudi kulala kwake?

Hapo ndipo fundo lilipo. Tunawalaumu vijana kwa meseji zisizo na jina, na wakati huohuo tumewafundisha kwamba anayetia jina ndiye wa kwanza kuchukuliwa. Somo limeeleweka vizuri mno.

Butiama mnanisikiliza, na ninyi mna jambo la kutufundisha, ila nianzie Geita. Mwaka 1958 wakulima wa Geita walitembea mpaka Mwanza kupinga baraza la mseto walilobebeshwa na wakoloni. Simu hawakuwa nayo. Walikuwa na ushirika wa pamba, ngoma na magulio, na kila aliyepeleka neno alijulikana ni mtoto wa nani. Walikaa Mwanza siku kadhaa mpaka polisi walipowatawanya kwa mabomu ya machozi. Mwaka uleule, Julius Nyerere, mtoto wenu wa Butiama, aliandika katika Sauti ya TANU, karatasi zilizorudufiwa na kupitishwa mkono kwa mkono, akiwatuhumu maofisa wawili wa kikoloni kwamba wanawaonea watu. Akashtakiwa kwa kashfa. Hakusema kwamba naye alitumiwa. Alisema ni yangu. Mahakama ikampiga faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa, akatoka akaendelea na kazi. Mkoloni hakuwa mwema, tusidanganyane. Lakini kesi ilisikilizwa mchana, mbele ya watu, na aliyetia jina lake alirudi nyumbani.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Nyasho, wa Kiabakari, wa Nyamuswa: ukipata wito, usiusambaze kabla hujajua umetoka kinywani mwa nani. Kama huwezi kuufuata mpaka mlangoni kwa mtu, uache ufie kwako. Kama una jambo la kudai, na yapo mengi ya kudai, tafuteni watu watatu au wanne wanaojulikana mtaani, muandike saa, mahali, njia mtakayopita na mtakachodai, mtie majina. Nanyi wasimamizi wa makundi, mnaojiita maadmini, kazi yenu isiwe kuondoa watu wenye maneno makali; iwe kuuliza kila aletaye taarifa ameona nini. Kundi la kijiji lisilo na mtu wa kuuliza swali hilo ni soko bila mizani.

Na wewe mkuu wa polisi wa wilaya, nakuomba kwa heshima, kama mtu ninayekutana naye barabarani na kusalimiana naye. Iko siku barua itafika mezani kwako, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, yenye majina ya vijana wanne wanaotaka kutembea kutoka stendi mpaka ofisi ya halmashauri kudai maji. Igonge muhuri. Wape nakala. Kama njia waliyotaja ina shida, waambie ipi haina. Namba zao za simu zitakuwa zimeandikwa pale chini. Wapigie, na usiku huo waache walale kwao.